Kurudi kwenye riwaya ukiwa umechoka kusoma

Kitabu kilikaa kando ya kitanda changu miezi saba, tiketi ya basi ikiwa imekwama ukurasa wa 41. Kila jioni nilikifungua, nikaanza aya ya juu, nikafika mwisho wake nisijue nimesoma nini, nikarudi tena juu. Mara ya tatu nakifunga. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Ujiji, mkoani Kigoma, nimekuzwa na hadithi, na niliona haya kumwambia mtu kwamba kusoma kumenishinda. Nilidhani ni uvivu. Nikajiwekea ratiba: kurasa 20 kila usiku kabla ya kulala. Ratiba ilidumu siku nne.

Haya ninayoandika ndiyo yaliyonirudisha, na ndiyo ninayowaeleza walimu wenzangu, vijana waliomaliza kidato cha nne wasiotaka tena kuona kitabu, na wauguzi wanaojiendeleza kimasomo huku wanaingia zamu. Mtu aliyechoka kusoma hajirudishi kwa kujilazimisha. Anarudi siku anapokutana na hadithi inayomshika mkono ikakataa kumwachia. Hadithi hiyo inaweza kutafutwa kwa utaratibu, huna haja ya kukaa ukingoja bahati.

Kwanza hakikisha si macho

Kama umefika miaka 40 au unaikaribia, shika kitabu pale unapokishika siku zote, kisha kisogeze mbali na uso. Herufi zikitulia zinapokuwa mbali, anza na macho. Lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu kadiri umri unavyokwenda, na kuona vitu vya karibu kunakuwa kazi. Mwenyewe hujui, unachojua ni kwamba ukisoma robo saa kichwa kinagonga na usingizi unakuvamia. Nenda ukapime, upate miwani ya kusomea. Mwalimu mwenzangu mmoja alihangaika mwaka mzima akidhani vitabu vimemchosha, kumbe alihitaji miwani tu.

Angalia na mwanga. Taa ya sola iliyoning'inizwa katikati ya chumba inatosha kulia chakula, lakini haitoshi kusomea. Isogeze iwe nyuma ya bega lako, mwanga uangukie karatasi.

Na kama si vitabu tu vilivyokosa ladha, bali chakula, ibada, mazungumzo, hata watoto wako mwenyewe, na hali hiyo imeendelea majuma kadhaa, basi hilo si la kutafutiwa riwaya. Muone mtu wa afya, na mtafute mtu wa karibu umweleze.

Kiondoe kitabu kilichokwama

Kitabu kilichokwama ni deni. Kila ukikiona unakumbuka umeshindwa, na kila ukitaka kushika kingine unajiambia, ngoja nimalize kile kwanza. Hivyo kitabu kimoja kinakufungia milango ya vingine vyote. Kitoe chumbani. Kama ni cha maktaba, kirudishe. Kama ni cha mtu, mpelekee umwambie ukweli, kwamba hakikukushika. Kama ni chako, mpe anayekitaka. Usikimalize kwa sababu eti umeshafika nusu. Waliotufundisha kwamba kitabu lazima kimalizwe walikuwa wanatuandaa kwa mtihani, na mtihani ule ulishapita.

Kisha pumzika. Mimi hushauri wiki mbili bila kitabu chochote cha hiari. Wavuvi wetu wa dagaa hawaendi ziwani mwezi ukiwa mpevu, maana usiku wenye mwanga dagaa hawafuati taa. Siku hizo wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala, na hakuna anayewaita wavivu. Nawe pitisha mbalamwezi yako bila kujisuta.

Jiulize nini kilikuchosha

Usiliruke hili, maana dawa hutegemea ugonjwa.

Mimi nilichoshwa na kalamu nyekundu. Mwalimu mwenye mikondo mitatu husahihisha insha zaidi ya 100 kwa zoezi moja, na vitabu teule anavirudia mwaka baada ya mwaka akitafuta dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Usiku mmoja nilikuwa kitandani na riwaya niliyoinunua kwa hiari yangu, nikashtuka kuona nina kalamu mkononi na pembeni mwa ukurasa nimeandika "fafanua". Nilimwandikia mwandishi, kana kwamba ni mwanafunzi wangu aliyekosa alama. Nilikaa nikiitazama ile "fafanua" kwa muda mrefu. Nilikuwa sisomi tena, nilikuwa nakagua.

Wapo waliochoshwa na kukariri. Miaka minne kila kitabu kimekuja na maswali nyuma yake, na sasa akili ikiona ukurasa inajiandaa kuulizwa. Wapo wanaosoma taarifa za kazi na miongozo ya Kiingereza kutwa nzima. Wapo waliojilisha vitabu vya mafanikio kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwaambia wanavyopaswa kuishi, mpaka wakachoka kuambiwa. Na wengi wetu tumezoezwa na simu. Jicho linaloshuka kwenye jumbe fupi saa tatu kwa siku hujifunza kurukaruka, na likifika kwenye aya ya mistari 15 linatafuta pa kurukia.

Ukishajua, chagua kinyume chake. Mwalimu atafute kitabu kisichofundishwa shuleni popote. Aliyekariri atafute kifupi, chenye herufi kubwa, ambacho hakuna atakayemuuliza habari zake. Aliyechoshwa na Kiingereza asome Kiswahili, lugha anayogombana nayo na kucheka nayo. Aliyechoshwa na mawaidha akimbie kila kitabu kinachoanza kwa kutoa funzo. Wa simu achukue cha karatasi chenye sura fupifupi.

Kitabu kisicho na jalada

Kilichonirudisha mimi nilikipata mwaloni Kibirizi. Nilikwenda asubuhi kununua dagaa, wanawake wanawatandaza kuwaanika, na mzee mmoja mwenye mitumbwi alikuwa amekaa juu ya boti lililopinduliwa, anasoma. Nilisogea kwa sababu ya kile kitabu. Hakikuwa na jalada. Mahali pa jalada palikuwa na kipande cha nailoni kigumu, kimeshonwa kwenye mgongo wa kitabu kwa uzi wa nyavu, mishono sawasawa, kazi ya mtu aliyeshona nyavu maisha yake yote. Pembe za kurasa zilikuwa za mviringo kwa kushikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nikamuuliza anasoma kitabu gani.

"Jina lake silijui. Jalada liliondoka kabla hakijanifikia, na kurasa nane za mwanzo zilikwenda nalo."

Akanipa nikashika. Kilianza ukurasa wa 9, katikati ya sentensi, mtu anateremka ngazi gizani na kiatu kimoja. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipoinua kichwa mzee alikuwa ananitazama, na dagaa wangu walishafungwa zamani.

"Nenda nacho," akasema. "Ila usikianze usiku kama asubuhi una kipindi."

Nilikianza saa kumi jioni, migebuka ikiwa jikoni ndani ya mawese. Nilikuwa ukurasa wa 33 niliposikia harufu, na nilipokimbilia jikoni mawese yalishageuka meusi na samaki wameshikana na sufuria. Tulikula ugali na mchicha usiku ule. Sikujali hata kidogo. Baada ya miezi saba nilikuwa nimesahau nilipo.

Nimekifikiria sana kitabu kile, nikitaka kuelewa kwa nini kiliweza. Hakikuwa na jina, kwa hiyo sikujua kama ni kitabu cha heshima au cha kupitisha muda. Hakikuwa na maneno ya sifa nyuma. Hakuna aliyekipangia silabasi. Nisingeweza hata kukichambua, maana mwanzo haupo. Ungeniuliza mandhari ningeshindwa kusema tuko mji gani. Kilichobaki kilikuwa swali moja: huyu mtu anamkimbia nani, na kiatu kingine kiko wapi? Swali hilo lilinitosha kusoma kurasa 160.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa nililokuwa nafanya. Nilikuwa natafuta kitabu kizuri, na mtu aliyechoka anahitaji kitabu kinachovuta. Vinaweza kuwa kitu kimoja, lakini ukiwa umechoka pima mvuto kwanza, sifa ziache. Ukiweza, mwombe rafiki akufungie vitabu vitatu kwa gazeti, jalada lote lisionekane, uvijaribu hivyohivyo. Utashangaa mkono wako utakavyochagua jicho likiwa halioni jina.

Kumbuka ulichowahi kushikwa nacho

Kabla hujaenda kutafuta, kaa ukumbuke mara ya mwisho hadithi ilipokushika. Si lazima iwe kitabu. Inaweza kuwa mchezo wa redio uliokufanya uchelewe kisimani, ngano ya bibi, filamu, au kisa cha mama mmoja kwenye daladala ya Mwandiga kilichokufanya upitilize kituo. Kisha jiulize ulichokuwa unangoja pale. Ulitaka kujua nani kafanya? Ulimhofia mtu asikamatwe? Ulitaka wawili wale wafike salama? Ulivutwa na mahali usipopajua? Au ulipenda tu sauti ya msimuliaji, ungemsikiliza hata akisimulia namna ya kupika chai?

Jibu hilo ndilo utakalompelekea mwenye vitabu. Usimwambie "nipe riwaya nzuri", atakupa anachokiheshimu yeye. Mwambie "nataka ya fumbo, mtu kauawa na hatujui nani" au "nataka safari".

Kwa wanaopenda fumbo, Kiswahili kina hazina ya zamani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa ni mpelelezi anayefikiri polepole, mtu wa kumfuata kwa raha. Anayetaka mbio, risasi na njama za nchi na nchi, amtafute Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974. Na sisi wa mkoa huu tuna wetu: Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, aliyemuumba mpelelezi Joram Kiango. Naona uchungu vijana wetu wanapomaliza shule bila kujua kwamba mmoja wa waandishi waliosomwa sana nchi hii alitoka huku kwetu.

Kwa wanaovutwa na watu na nyakati, Adam Shafi. Riwaya yake Kuli inakuingiza bandarini Zanzibar miongoni mwa wapagazi, kuelekea mgomo wa 1948, na jasho la wale watu utalisikia. Vuta n'kuvute inaanza na Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa baba yake, na ukishajua hilo tu tayari una la kungoja. Vijana wengi huniambia kitabu hiki ndicho cha kwanza walichokimaliza bila kuamriwa.

Kwa anayetaka safari, hasa mtu wa Ujiji au wa Tabora, napendekeza Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Ida Hadjivayanis ndiye aliyeitafsiri. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kulipia deni kwa tajiri, na baadaye anajikuta kwenye msafara wa biashara kutoka pwani kuja bara. Sisi tunaoishi mwisho wa njia ile ya misafara, tunaokula maembe ya miti iliyopandwa enzi zile, tunaisoma tukiwa upande wa pili: tunawaona wageni wakija.

Hivi ni vya kuanzia tu. Usivifanye silabasi.

Pa kuvipata huku kwetu

Huku vitabu havijai madukani kama Dar es Salaam. Maduka mengi ya vifaa vya shule yana vitabu vya kiada, madaftari na labda riwaya mbili za mtihani. Inabidi uwe na njia nyingine.

Anza na maktaba ya mkoa. Jiandikishe, kisha fanya ninavyofanya mimi: kwenye rafu ya riwaya usitazame majina, tazama migongo. Toa kile kilichochakaa kuliko vyote. Fungua nyuma kwenye karatasi ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Kitabu chenye mihuri iliyobanana, mmoja baada ya mwingine bila kupumzika, kimeshachaguliwa na majirani zako, watu wa mji huuhuu, na hakuna tangazo linaloweza kushinda ushahidi huo. Kitabu safi kisicho na muhuri hata mmoja tangu kifike, kiache kwa siku nyingine ukiwa na nguvu.

Pili, wanaotandika vitabu vilivyotumika chini. Kaa chini, pekua mpaka mwisho wa rundo, maana riwaya hufunikwa na vitabu vya kompyuta vya zamani. Muuzaji akikuona unasoma ukurasa wa pili usione vibaya. Mwambie unajaribu, na akikusubiri, ukikipenda usimpunje bei.

Tatu, watu. Karibu kila mtaa una mtu mwenye sanduku la vitabu chini ya kitanda. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu, fundi cherehani, mfanyakazi wa zamani wa reli, mtu aliyekaa sana peke yake kazini. Uliza. Ukiazimwa, rudisha kwa siku uliyoahidi na kitabu kikiwa kisafi, na utaazimwa vyote.

Nne, ndugu aliye Dar es Salaam. Mpe jina la kitabu, akinunue, akitume kwa basi. Na anayekuja kwa treni, mwambie asikifungie kwenye begi kubwa. Reli ya kuja huku ni zaidi ya kilomita 1,200, na sijui mahali pazuri pa kurudishia hamu ya kusoma kushinda dirisha la treni. Tabora, njia zinapogawanyika kwenda Mwanza na huku kwetu, unaweza kusubiri kiasi cha kumaliza sura nzima. Nimewahi kubadilishana vitabu na abiria pale, yeye amemaliza chake anaelekea Mwanza, mimi nimemaliza changu nakuja nyumbani, na kila mmoja akaondoka na mzigo mpya.

Kuhusu nakala za riwaya zinazozagaa kwenye simu bila ruhusa, mimi sizitumi wala sizipokei. Waandishi wa Kiswahili wanapata kidogo mno kwa kazi zao, na tukiwanyima hata hicho kidogo hawataandika nyingine.

Jaribio la kurasa kumi

Usiamini mapendekezo ya mtu yeyote, hata haya yangu, bila jaribio. Soma kurasa kumi. Uzisome umesimama, au umekaa mahali pasipo starehe, kwenye benchi la stendi au foleni ya kituo cha afya. Kitabu kinachoweza kukutoa kwenye benchi gumu kitakutoa kwenye uchovu.

Hebu tuangalie mianzo miwili. Yote nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano. Wa kwanza:

"Maisha ni safari ndefu yenye milima na mabonde. Katika kijiji cha Amani paliishi kijana mmoja aitwaye Baraka, ambaye licha ya umaskini wa wazazi wake alikuwa na ndoto kubwa za kufanikiwa."

Wa pili:

"Mtumbwi wa Baraka ulirudi alfajiri taa zote zinawaka, wavu umekunjwa vizuri, na ndani hamna mtu."

Mwanzo wa kwanza hauna kosa la lugha, ningeupa alama zake. Lakini umeshaniambia kila kitu: Baraka atateseka, atasoma, atafanikiwa. Sina sababu ya kufungua ukurasa wa pili. Mwanzo wa pili una maneno 15 tu, na ndani yake mna kitu kinachokataa kutulia. Angalia ule wavu. Mtu aliyepinduliwa na dhoruba hakunji wavu. Aliyezama kwa bahati mbaya hakunji wavu. Aliyekunja alikuwa na muda, alikuwa ametulia, na pengine hakuwa Baraka. Mvuvi yeyote wa Kibirizi ukimsomea sentensi ile atakuuliza palepale: nani kaukunja? Akishauliza hivyo, kitabu kimemshika. Wewe nawe, ukifika mwisho wa kurasa kumi, jikague kama kuna swali lako linalodai jibu, na kama kuna mtu humo ambaye ungesikitika kumwacha.

Kisha fungua katikati, mahali watu wanapoongea. Ziba majina kwa kidole. Kama unaweza kujua nani anasema kwa namna anavyosema, mwandishi anawajua watu wake. Kama wote wanaongea kama taarifa ya habari, kiweke chini. Kiweke chini pia kama chapa ni hafifu au herufi ni ndogo mno; usijibebeshe mateso mengine juu ya uliyonayo.

Beba vitatu nyumbani kama unaweza. Kisipokushika cha kwanza kwa kurasa kumi, nenda cha pili bila kuaga. Mimi kabla ya kile cha mzee nilishaviacha vitano, na kila kimoja nilikiacha kwa majuto. Majuto yale hayakuwa na faida.

Siku tatu za mwanzo

Umepata kinachovuta. Sasa kilinde, maana hamu iliyorudi bado ni changa.

Kalamu iwe chumba kingine, na simu pia. Usihesabu kurasa. Usimwambie mtu kwamba umeanza kusoma tena, asije akakuuliza umefika wapi. Usisome kitandani siku za mwanzo kama unalala umechoka. Kitanda kimeshazoea kukushinda. Tafuta saa nyingine. Mimi nilitumia nusu saa ile ya jioni, watoto wako nje bado na jua linazama upande wa Kongo, nikakaa kibarazani.

Ruka ukitaka kuruka. Maelezo ya mandhari yakikulemea, yapite, nenda penye watu. Ukitamani kuyarudia utayarudia, na mara nyingi utarudi mwenyewe, kwa sababu sasa unataka kujua ile nyumba ina milango mingapi.

Na acha kusoma pale penye utamu. Tumezoea kusoma mpaka mwisho wa sura, halafu tunafunga, na sura ikifungwa na hamu inafungwa nayo. Acha katikati ya ugomvi. Acha mlango ukiwa unagongwa. Kesho yake hutahitaji ratiba ya kukurudisha, utashinda kutwa unafikiri nani alikuwa mlangoni.

Umeme ukikatika, soma kwa sauti. Siku moja nilimsomea mama mkwe wangu sura moja kwa taa ya sola, yeye anachambua mchele, na nilipofika mahali pabaya akaacha mikono juu ya ungo. "Soma," akaniambia, "mbona umenyamaza?" Nilikuwa nimenyamaza nimeze mate. Tangu hapo kitabu kikawa chetu wawili na sikuruhusiwa kwenda mbele bila yeye. Hakuna kilichonisaidia zaidi ya hapo, maana kitabu kikiwa na mtu anayekingoja huwezi kukitelekeza kando ya kitanda.

Ukimaliza

Kaa siku mbili tatu bila kushika kingine. Hadithi nzuri inahitaji muda wa kutulia. Halafu usijipe adhabu ya kuchukua sasa "kitabu kizito" ili kufidia. Tafuta ndugu ya kile ulichomaliza: mwandishi yuleyule, mpelelezi yuleyule, au aina ileile. Soma vitatu vya namna hiyo kabla ya kujaribu kigumu. Daima uwe na kimoja cha akiba ambacho umeshakijaribu kurasa kumi na umejizuia usiendelee.

Uchovu unaweza kurudi. Kwangu hurudi kila muhula wa mitihani, insha zinapojaa mezani. Siku hizi nikiona nimesoma aya moja mara tatu, nakitoa kitabu chumbani siku hiyohiyo na kungoja mwezi upungue.

Kile cha mzee nilikirudisha baada ya siku sita. Nilimkuta palepale juu ya boti, ilikuwa bado mbalamwezi. Nilimpa, tukaongea habari za yule wa kiatu kimoja mpaka jua likawa kali, nikamwambia kinachoniuma ni zile kurasa nane, kwamba sitajua kamwe alikuwa anatoka wapi usiku ule.

Mzee akapapasa mishono ya nailoni kwa kidole gumba.

"Mimi nimekisoma mara nyingi, mwalimu," akasema. "Kurasa zile nimezitunga mwenyewe. Kaa nikusimulie."

Nikakaa.